Sura ya Tano: Mawe Yaliyohama

Siku ya tatu ndege ilikuwa bado palepale ilipoishia, pua imeegemea nguzo ya uzio, mkia umelala nyasini, na hapakuwa na mtu uwanjani aliyekubali kuisukuma. Wafanyakazi waliipita kwa mbali, kama watu wanavyompita mbwa waliyemwona akiuma jana.

Sajini aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni, bila kugusa kitu. Ilikuwa ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashambani, kiti kimoja, rangi ya njano iliyopigwa na jua mpaka ikawa kama meno ya mvuta tumbaku. Juzi asubuhi fundi wake aliiwasha kwa kuzungusha panga boi la puani kwa mkono. Ikawaka, ikamponyoka, ikakata uwanja hatua mia mbili na kumi, Sajini alizihesabu kwa miguu yake mwenyewe, ikamgonga mwanamke aliyesimama kwenye upenyo wa uzio. Mwanamke huyo alikuwa mke wa fundi. Na ndani ya ndege hapakuwa na mtu.

Kifo cha ajali watu wamekizoea. Gari hupinduka, ukuta huanguka, kesho yake wanazungumza habari nyingine. Hiki kiliwanyamazisha. Ndege haikuyumba, haikuzunguka, haikugonga pipa wala kibanda. Ilikwenda moja kwa moja, kama punda anayejua kwao. Halafu ikaegemea nguzo ikanguruma peke yake karibu saa nzima, mpaka mafuta yakaisha, maana hakuna aliyethubutu kupanda kuizima. Askari wa kwanza kufika, kijana asiyeogopa kitu, aliandika katika daftari lake kwamba mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa, umekazwa kabisa, kwenye kiti kitupu. Akaandika pia kwamba chupa ya chai ya marehemu ilikuwa imesimama wima kando ya uzio, kifuniko mahali pake, na chai bado ya moto.

"Kila mtu na majini yake," Sajini alimwambia kijana yule. "Mimi nataka alama za magurudumu."

Lakini hata yeye, alipochungulia ndani akauona mkanda ule umekumbatia hewa, alirudisha kichwa haraka.

Jalada lilikuwa na kurasa nane, na sita kati ya hizo zilikuwa maelezo ya Meneja wa uwanja. Wakubwa wana wino mwingi. Meneja alisema fundi alikusudia. Kwanza, hakuweka mawe mbele ya magurudumu kama inavyotakiwa. Pili, aliubana usukani wa mkia kwa kibano cha mbao ili ndege isikate kona. Tatu, jioni ya kuamkia siku hiyo majirani waliwasikia mume na mke wakigombana. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapigiwa simu, tena si mara moja.

"Saa kumi jioni jalada liende kwa mwendesha mashtaka," Mkuu alisema, "na neno kukusudia liwemo. Mtu kaua mkewe, Sajini. Usitutungie mashairi."

Neno hilo moja lilikuwa kitanzi. Bila hilo fundi angefungwa miaka michache, au pengine angerudi kwake. Likiwemo, hatoki.

Na kulikuwa na bibi mmoja kwenye benchi la kituo, mama wa marehemu. Alikuwa hapo tangu jana, isipokuwa usiku alipokwenda kwake kulala, mtandio umefunika magoti, haombi maji wala halii. Asubuhi hiyo Sajini alipokuwa akitoka, bibi alimshika mkono wa shati.

"Mwanangu, nina neno moja tu la kukuuliza. Huyu mkwe wangu mliyemfungia humo, nimpikie au nimlaani?"

"Bado sijui, mama."

"Basi kajue. Siwezi kufanya yote mawili, nimechoka."

Sajini alimwuliza kuhusu ugomvi. Bibi akatikisa kichwa. "Waligombana, ndiyo. Mume alitaka kuacha kazi. Alisema ile ndege bila betri itakuja kumkata mkono. Binti yangu akamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwaka." Akanyoosha mtandio uliokuwa umenyooka tayari. "Kuvumilia nilimfundisha mimi."

*

Rubani mzee, ambaye uwanja mzima ulimwita Mzee Mawingu, alikuwa ameketi juu ya pipa tupu kivulini mwa banda, anashona glavu kwa uzi wa kiatu. Hakuinuka.

"Betri iko wapi?" Sajini aliuliza.

"Ilikufa mvua za mwaka juzi, Mungu aiweke pema. Tukaandika barua. Tukajibiwa tuwe wabunifu." Mzee alicheka bila kufungua mdomo. "Ubunifu wenyewe ndio huo. Unasimama mbele ya panga boi, unalivuta kwa mikono, ikiwaka unaruka pembeni. Kama kumtekenya chui."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Zote mbili, hii ya njano na ile ya bluu."

"Na kibano cha mkia?"

"Upepo unaupigapiga ule mkia mpaka bawaba zinavunjika. Ukiwasha kuipima injini tu, unaacha kibano. Ukitaka kupanda, unakitoa. Mimi nafanya hivyo, fundi anafanya hivyo, na aliyetufundisha sote alifanya hivyo, na yeye alifia kitandani."

"Mkanda je?"

Mzee Mawingu aliweka glavu chini. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Mpini wa usukani uko katikati ya magoti ya rubani. Ukiwa unawasha peke yako, unauvuta mpini nyuma, unaukaza kwa mkanda usirudi. Hapo mkia unakaa chini. Usipofanya hivyo, injini ikinguruma mkia unainuka na ndege inakula udongo kwa pua. Mkanda haukumfunga mtu, Sajini. Ulifunga mpini."

Sajini aliandika polepole, maana mkono wake haukuwahi kupendana na kalamu. Kibano kina sababu. Mkanda una sababu. Lakini hakujidanganya: vitu vile vilikuwa vya fundi mwangalifu, na vingeweza vilevile kuwa vya mwuaji mwangalifu. Yote yakabaki kwenye mawe.

"Mawe aliweka?"

"Aliweka. Nilimwona saa moja kamili. Kila jiwe alilipiga teke, ndiyo kawaida yake, kuona kama limeshika. Halafu Meneja akamwita akatengeneze kipaza sauti. Siku hiyo tulikuwa tunamngojea mgeni mkubwa."

"Akarudi saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo, mbio, Meneja anamfokea kutoka mlangoni kwamba injini iwake, iwake. Akapita mbele, akalivuta panga boi."

"Bila kuangalia mawe?"

"Nyasi zilikuwa zimefika juu ya kifundo, wafyekaji wiki nzima walikuwa wanapamba. Tena mtu akishaweka kitu kwa mkono wake, jicho lake hukiona hata kisipokuwepo."

"Na askari walipofika hapakuwa na jiwe."

"Hata moja. Ndipo watu wakasema mawe yamehama."

"Mawe hayana miguu, mzee."

"Kiti kitupu nacho hakijui kuendesha ndege," alisema Mzee Mawingu, akaokota glavu yake. "Lakini juzi kimeendesha."

*

Shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa mfyekaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Sajini alimkuta upande wa pili wa uwanja, ameipa ndege mgongo, anafyeka mahali palipokwisha kufyekwa.

"Ulikuwa umbali gani, mama?"

"Hatua thelathini, afande. Tangu siku hiyo sijui usingizi."

"Niambie alikuwa anafanya nini."

"Kasimama. Chupa ya chai kaiweka chini, bakuli kalishika. Ndege inakuja. Mimi napiga kelele, toka! toka! lakini ile injini inakula sauti. Na yeye..." Akachomeka fyekeo ardhini. "Yeye alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Anacheka, afande, meno yote nje. Anaipungia mkono kama unavyompungia mtu wako. Kisha akapiga hatua moja. Siyo ya nyuma. Ya mbele."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Jana alikaa na fundi mahabusu kwa saa mbili, na fundi alijibu kila alichoulizwa isipokuwa swali moja. Kwa nini mkeo hakukimbia? Hapo aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka askari wa zamu akaja kufunga mlango.

"Watu wanasema aliitwa," mfyekaji alinong'ona.

"Aliitwa na nani?"

"Aliyeitwa ndiye anayejua. Na yeye ndiyo huyo kaenda."

Sajini aliangalia chini. Toka ndege ilipokuwa ikiegeshwa mpaka kwenye upenyo wa uzio palikuwa na mifereji miwili nyasini, sambamba, imekwenda moja kwa moja. Asubuhi aliifuata akiihesabia hatua, akidhani ni alama za juzi. Sasa alichuchumaa akaingiza vidole. Udongo ulikuwa umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, na pembeni nyasi zilikuwa zimekufa zamani.

"Hizi si za siku moja."

"Hizo? Hizo za fundi. Kila asubuhi akishaipima injini anapanda, anaileta mpaka hapo uzioni, anaizima. Mkewe anamngojea na chai. Wanakunywa, wanachekana, anarudi kazini. Meneja alikataza, anasema ni kuchoma mafuta ya kampuni." Kwa mara ya kwanza mfyekaji alitabasamu. "Lakini Meneja si mtu wa kuamka mapema."

Kwa hiyo ndege haikumtafuta mtu. Ilishika njia yake ya kila siku, magurudumu ndani ya mifereji, mkia umebanwa, na mwisho wa njia akawepo aliyekuwepo kila siku. Bado kitu kimoja. Mwanamke yule alikuwa na macho. Ndege inakuja mchana kweupe, kiti kitupu. Aone hivyo, apunge mkono?

*

Walitoa ndege ya bluu, pacha wa ile ya njano, wakaiweka mwanzoni mwa mifereji, injini imezimwa. Sajini aliwakusanya wafanyakazi wanne na Mzee Mawingu.

"Mtaisukuma kutoka nyuma, mbio kidogo. Mmoja wenu apande au asipande, mpatane wenyewe. Mimi nitageuka nisione. Msiniambie."

"Huu mchezo siupendi," alisema mmoja.

"Wala mimi. Haya, sukumeni."

Akaenda kusimama kwenye upenyo, pale chupa ya chai ilipoacha duara kwenye udongo. Akageuka.

Ndege ilikuwa imeanza kuja. Haikuwa na mlio, nyasi tu zilikuwa zikisuguana chini yake. Mkia ulikuwa chini na pua juu, pua pana, na nyuma ya pua hakuonekana wasukumaji, wala mabega yao, wala miguu. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na mbingu. Sajini alijua wale watu wapo. Aliwapanga yeye. Hata hivyo kadiri ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kukikodolea macho kile kioo, anatafuta uso. Hatua ishirini. Hatua kumi. Akauona. Kitu cheusi kama kofia, kikasogea kidogo, kama mtu anayeinama kutazama njia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kunyanyuka.

Hatua tano mbele yake ndege ikasimama.

Alizunguka bawa akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu, mkanda umelala pembeni. Mzee Mawingu alikuwa mkiani pamoja na wenzake wanne, jasho linamtiririka.

"Uliona mtu?" mzee aliuliza.

"Nilimwona," Sajini alisema, na hakupenda sauti yake ilivyotoka.

*

Kutoka ofisini mpaka penye hema la wageni palikuwa na njia iliyopambwa kwa mawe meupe pande zote mbili, ili viatu vya mgeni mkubwa visipotee. Mgeni mwenyewe hakuja. Alipiga simu saa tatu kusema amepatwa na dharura. Hema lilikuwa bado limesimama, viti vimepangwa, na mawe yaling'aa juani.

Kabla ya kuwa askari, Sajini alipaka chokaa nyumba za watu miaka minne. Alianza kutembea kando ya mstari ule ameinama, anagusa jiwe moja baada ya jingine, huku wafanyakazi wakimtazama kama mtu aliyeishiwa kazi. Kitu kimoja alichojifunza enzi zile ni kwamba chokaa haishiki penye mafuta. Unapaka leo, kesho inageuka manjano, keshokutwa inabambuka.

Mawe yalikuwa thelathini na nane. Thelathini na sita yalikuwa meupe pe. Mawili ya mwisho, yale ya karibu kabisa na hema, yalikuwa yanabambuka.

Aliligeuza la kwanza. Chini lilikuwa bapa, jeusi, linanuka oili. Upande mmoja ulikuwa umelika, umebonyea kwa upana wa gurudumu dogo, na ndani ya bonde hilo mpira ulikuwa umeacha weusi wake. La pili lilikuwa hivyohivyo.

"Mama!" alimwita mfyekaji. "Njoo kidogo. Mstari huu nani aliupanga?"

"Mimi na mwenzangu, afande. Tuliambiwa kila jiwe la uwanjani liingie hapa. Mwenzangu akaenda kukoroga chokaa, kwangu zikabaki nafasi mbili, nikazunguka, nikaona mawili mazuri, bapa, yamejificha ny..."

Hakumaliza. Alilitazama jiwe, akaitazama ndege ya njano kule uzioni, akaitazama mikono yake. Fyekeo likaanguka.

"Afande. Ni mimi?"

Kuna maswali ukiyajibu haraka unaua mtu wa pili.

"Ulijua ni ya kazi gani?"

"Mimi nafyeka nyasi, afande. Sijawahi kusogelea ndege. Tulikatazwa."

"Nani alikutuma?"

"Meneja. Karatasi ipo ubaoni, na kwa mdomo pia alisema. Alisema jiwe hata moja asilione mahali pengine."

"Kaa na Mzee Mawingu. Asikuhoji mtu mwingine yeyote. Na hayo unayotaka kujisemea moyoni, ngoja kwanza."

Akaenda ubaoni, akaing'oa karatasi pamoja na pini zake.

*

Meneja alikuwa na meza ya kioo. Sajini aliweka jiwe katikati yake, na unga wa chokaa ukatawanyika juu ya kioo na juu ya simu.

"Nini hiki?"

"Jiwe la gurudumu, mkubwa. Fundi aliliweka saa moja. Nimelikuta limesimama kwenye mstari, linamngojea mgeni wako."

"Mawe ni mawe, Sajini. Uwanja huu una mawe mangapi?"

"Yenye oili ya injini yako ni mawili."

Meneja aliliangalia kwa muda. Kisha uso wake ukafunguka, ukawa na nafuu kabisa, nafuu ya mkubwa aliyempata mdogo wa kumwangushia mzigo.

"Kumbe! Basi ni wale wafyekaji. Nani alikuwa zamu? Nitakupa jina lake sasa hivi, uandike. Uzembe mtupu. Watu hawa nawaambia kila siku."

"Unawaambia nini?"

"Wawe waangalifu."

Sajini alikunjua karatasi, akaisoma kwa kidole, kama alivyosoma kila kitu. "Saa moja na nusu, mawe yote yaliyomo uwanjani yawe yamekusanywa, yapakwe chokaa. Neno 'yote' limepigiwa mistari miwili. Saa mbili kasorobo, ndege ya njano iwe inanguruma, mgeni aikute hai. Hapa chini kuna sahihi." Akainua macho. "Hii mistari miwili nani kaipiga?"

Nje, banda la ndege lilikuwa linafunguliwa.

"Hiyo ni ratiba tu," Meneja alisema.

"Katikati ya saa moja na saa mbili kasorobo, aliyemwita fundi kwenye kipaza sauti ni nani?"

"Ratiba ni ratiba!"

"Ndiyo. Ulimwondoa mwenye mawe, ukatuma watu wayachukue mawe, ukamrudisha mbio awashe. Yote ndani ya karatasi moja, kwa mkono wako. Yule mama hakuchukua jiwe, mkubwa. Aliambiwa yote, akaleta yote."

"Unajua unaongea na nani? Nampigia mkuu wako."

"Mpigie. Mwambie nakuja na jiwe." Sajini alilinyanyua kwa mikono miwili. "Na hiyo ya bluu inatolewa kwenda wapi?"

"Kunyunyiza. Mashamba hayangojei msiba. Kazi haisimami."

"Inawashwa na nini?"

Meneja alikuwa ameshageuza kiti, anafuta chokaa kwenye simu kwa ncha ya tai yake.

*

Saa kumi kasoro dakika ishirini, Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Sajini, akaisoma ile karatasi yenye sahihi, akalitazama jiwe. Simu ya mezani ililia. Hakuinyanyua. Ililia mpaka ikachoka.

"Meneja atasema marehemu alitegwa," alisema hatimaye. "Hili la kupunga mkono. Una uhakika liwemo?"

"Bila hilo haieleweki kwa nini alisimama."

"Fundi mwenyewe amelikubali?"

"Ndiyo kwanza naenda kumwuliza."

Mkuu alichukua kalamu, akalifuta neno kukusudia, akatia sahihi pembeni. "Toa hilo jiwe lako mezani kwangu," alisema. "Linanichafulia."

Mahabusu fundi alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Alikuwa mtu mwembamba, vidole vimeingiwa na oili isiyotoka kwa sabuni yoyote. Sajini aliliweka jiwe chini mbele yake. Fundi aliliangalia, akapitisha kidole gumba kwenye lile bonde lililolika.

"La gurudumu la kushoto," alisema. Akakuna chokaa kwa ukucha. "Wamelipaka rangi."

"La kulia nalo."

"Kwa hiyo niliweka." Akarudia, taratibu, kama mtu anayejaribu sakafu kabla ya kukanyaga. "Niliweka. Afande, nimeanza kuamini sikuweka. Usiku nayaona yanaondoka yenyewe."

"Yaliondolewa ukiwa kwenye kipaza sauti." Sajini alichuchumaa. "Nimesimama pale uzioni leo. Nimeletewa ndege nyingine, nikaona alichokiona yeye."

"Usiseme."

"Lazima kiwemo kwenye jalada. Kisipokuwemo watasema ulimwekea mtego."

"Waseme!" Fundi alishika jiwe kwa mikono yote miwili. "Kwa nini unadhani nilinyamaza? Bora waandike nimemwua, nikanyongwe, yaishe. Kuliko iandikwe, isomwe mahakamani, mama yake anasikia, kwamba alisimama kwa sababu alikuwa ananiamini."

Sajini alifungua daftari lake. Alingoja. Mlevi wa chumba cha pili alikuwa ameacha kuimba.

"Yule mfyekaji," fundi alisema baadaye, "alimwona usoni?"

"Alimwona."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa anacheka."

Fundi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa jiwe, na aliponyanyuka chokaa ilikuwa imemkaa usoni.

"Alipunga?"

"Alikupungia. Akapiga hatua moja mbele."

"Ni kulishika bawa," alisema fundi. "Kila siku alikuwa anakuja kulishika bawa, nikizima, ili nishuke." Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayetia sahihi. "Andika."

Nje, bibi alikuwa palepale kwenye benchi. Kando yake walikaa watu wengine wawili watatu wenye shida zao. Sajini aliketi, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe.

"Hakukusudia, mama. Hakukosea hata mawe. Bado hatoki leo, lakini atatoka."

"Na binti yangu?"

"Alidhani mumewe yumo ndani. Alimpungia."

Bibi alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti, na Sajini hakujua kama anaomba au anahesabu. Kisha akaufunua ule mtandio magotini. Chini yake kulikuwa na bakuli lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa safi.

"Mpikie, basi," Sajini alisema.

"Nimeshapika tangu alfajiri. Ungeniletea jibu lingine ningewamwagia kuku." Akamwekea bakuli mikononi. Lilikuwa zito, lina joto la magoti yake. "Mwambie ale. Mwambie mjukuu wangu anauliza baba anarudi lini, na mimi sina majibu ya kutunga."

Sajini alikuwa ndiyo anainuka waliposikia mngurumo. Ulitoka upande wa uwanjani, ukaja ukikua juu ya mapaa. Askari wa zamu, wenye shida zao benchini, wote wakatoka uani. Ndege ya bluu ilikuwa inapita chini chini, jua la jioni limekijaza kioo chake, inaelekea mashambani.

Wote waliinua mikono kukinga macho, pamoja na bibi, pamoja na Sajini na bakuli lake, wakikaza macho kuona kama ndani yake kuna mtu.